Ni Kuchomeka Tu

Katika jiji hili la Dar es Salaam, ukitaja tatizo lolote lenye waya ndani yake, hukosi mtu wa kukwambia kwamba hilo ni dogo, ni kuchomeka tu. Pampu ya kisima? Kuchomeka tu. Taa za sola? Kuchomeka tu. Wasemaji wa maneno haya hawafanani kwa umri wala kwa elimu, ila wana sifa moja inayowaunganisha: siku ya kuchomeka hawapo. Nilipotamka barazani kwamba nataka kuweka ruta ya pili nyumbani, niliambiwa hivyo kabla sijamaliza kusema, na aliyeniambia kwa uhakika kuliko wote ni mwalimu wa kwaya.

Na wala sikuitaka hiyo ruta ya pili. Naomba lieleweke mapema. Ninachotaka mimi kwenye intaneti ni kidogo mno: magazeti, matokeo ya mpira, na taarabu za zamani usiku watu wakishalala. Vyote hivyo navipata kwenye kiti changu sebuleni, hatua chache kutoka ilipotundikwa ruta ya kwanza. Shida ilitoka uani.

Nyumba yetu, kama nyumba nyingi za huku, haikujengwa; ilikusanywa. Kwanza chumba na sebule, tukahamia madirisha yakiwa bado ni maturubai. Baraza likazibwa likawa chumba cha watoto. Jiko likasogezwa nyuma. Mwishowe likasimama banda la uani, nalo baadaye likaunganishwa na nyumba kubwa kwa korido ili mvua isitunyeshee tukienda huko. Kila awamu ilikuja na ukuta wake wa nje, na kwa kuwa hakuna aliyejisumbua kubomoa ukuta wa awamu iliyotangulia, katikati ya nyumba yangu zimesimama kuta mbili zilizoegemeana, matofali ya saruji ya inchi sita kila moja, na mkanda wa zege wenye nondo juu yake. Mwizi hapiti pale. Waifai nayo haipiti.

Waliokuja kuleta faiba nao hawakusaidia. Walitoboa ukuta wa mbele, upande ulioelekea nguzo, wakaitundika ruta pale pale pembeni ya mlango, wakanipa karatasi nitie saini. Nikawauliza, je, isingekuwa vizuri ikikaa katikati ya nyumba? Wakasema waya waliopewa unaishia hapo. Basi ruta yangu kwa miaka yote imekuwa ikihudumia vizuri sana wapita njia.

Ruta za siku hizi hurusha waifai kwa masafa mawili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Haya ya 5 yana kasi, lakini yakikuta ukuta yanakata tamaa upesi. Ya 2.4 hufika mbali zaidi, ila ndiyo yanayogombaniwa na mtaa mzima, pamoja na maikrowevu, ambayo hupashia wali kwa masafa hayo hayo. Kwetu kati ya sebule na uani kuna zile kuta mbili, jiko, kabati la vyombo lenye kioo, na tanki la maji la lita elfu mbili lililosimama pale ambapo lisingetakiwa kusimama. Maji hunyonya mawimbi hayo. Ndiyo maana wali unapata moto, na ndiyo maana uani hakuna mtandao.

Anayeishi uani ni mama mkwe.

Alikuja kutibiwa macho. Macho yakapona, mwenyewe hakuondoka, nami sina neno (mke wangu husoma safu hii). Binti yake wa mwisho yuko Uingereza, na kila jioni wanapigiana simu ya video. Basi kila jioni mjukuu wa Uingereza anaganda kwenye kioo akiwa mdomo wazi, jicho moja limefumba, na sauti inakuja vipande vipande. Mama mkwe hagombi. Anasema tu, kwa upole wa kuumiza, "Mkwe wangu, mtandao wenu huu umechoka." Huo wenu ndio uliofanya mke wangu aniangalie.

Sasa tatizo lenyewe. Kwa desturi zetu mimi siingii chumbani kwa mama mkwe. Hata ukumbini kwake nasimama upande wa mlango, naamkia, naangalia chini. Kumbe kupima waifai ni kazi ya kuingia na kutoka kwenye kila pembe ya chumba ukiwa umenyanyua simu juu. Ikabidi nimtume mwanangu wa darasa la pili. Nasimama koridoni napaza sauti: "Vijiti vingapi?" Anajibu: "Viwili!" Namwambia asogee dirishani. Kimya. "Sasa vingapi?" Anajibu: "Bibi amenipa kashata!" Hivyo ndivyo ramani ya mtandao wa nyumba yangu ilivyochorwa.

Jirani akaniazima ripita, kile kifaa cha kuchomeka kwenye soketi ili kiongeze mawimbi. Sitakisema sana kwa sababu jirani ni mtu mwema. Hicho kidogo kinasikia na kusema kwa redio moja, kwa hiyo kila kinachopita lazima kitamkwe mara mbili hewani, na kasi inakatika karibu nusu. Isitoshe, ukikiweka mahali ambapo mtandao haufiki, kitarudia kwa uaminifu kwamba mtandao haufiki.

Nikaenda Kariakoo. Muuzaji alinisikiliza kidogo tu, akashusha boksi kutoka rafu ya juu. "Bosi, chukua hii. Ina antena sita."

"Sita za nini?"

"Nguvu, bosi. Hii inatoboa mpaka kwa jirani."

Nikamwambia mimi sina haja ya kumtoboa jirani, nataka kufika uani kwangu. Akacheka kama niliyemtania. Ukweli ni kwamba nguvu ya kurusha waifai ina kikomo kilichowekwa na wasimamizi wa mawasiliano, na antena hata zikiwa kumi na mbili hazikivuki. Na hata kama ruta ingeweza kupiga kelele ikasikika mpaka uani, simu ya mama mkwe lazima nayo ijibu mpaka sebuleni, na sauti ya simu ni ndogo. Mazungumzo yanataka pande mbili. Hayo yote nilimweleza muuzaji. Akaniuliza nitalipa kwa simu au taslimu. Nikanunua yenye antena mbili, ya rangi nyeusi, na maneno ya mwisho niliyoyasikia nikitoka dukani unayajua.

Kazi akapewa mpwa wangu. Anasoma mambo ya kompyuta chuoni, yuko mwaka wa pili, umri ambao mtu hana swali. Akavuta waya kutoka ruta ya sebuleni, akaupitisha chini ya mazulia, akaupenyeza koridoni, akauchomeka kwenye ruta mpya. Taa zote zikawaka kijani. "Tayari, mjomba," akasema, akafungua friji yangu.

Nyumba ikafa. Nasema ikafa, lakini ilikufa kwa namna ya ajabu, kwa maana kila kifaa kilidai kizima. Simu zilisema zimeunganishwa. Vijiti vimejaa mpaka juu, hata uani, ambako havijawahi kujaa. Ila hakuna kinachofunguka. Au kinafunguka kwenye simu ya binti yangu na hakifunguki kwenye ya mama yake, halafu baada ya muda wanabadilishana. Televisheni ya watoto ikaandika maneno ya Kiingereza kuhusu mgongano wa anwani. Mke wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Baba watoto, ilikuwa inafanya kazi. Mmefanya nini?" Nikamwonyesha mpwa kwa kidole, kwa sababu hiyo ndiyo kazi ya mpwa.

Ilivyokuwa ni hivi. Kifaa chochote kikiingia kwenye mtandao wa nyumbani huomba anwani, yaani namba ya kukitambulisha. Ndani ya ruta kuna huduma ya kugawa namba hizo, inaitwa DHCP. Namba za majumbani nyingi huanza na 192.168, moja ya mafungu yaliyotengwa rasmi mwaka 1996 kwa matumizi ya ndani. Namba za mtindo huo dunia nzima ni kama bilioni 4.3, na vifaa vimezizidi, ndiyo maana nyumba yangu, yako na ya mwalimu wa kwaya zote hutumia namba zile zile bila ugomvi, maadamu hazitoki nje ya geti. Ruta yenyewe hujipa namba ya mkubwa, mara nyingi 192.168.1.1. Ya sebuleni ilijipa hiyo. Mpya nayo, kwa kuwa hakuna aliyeiambia kwamba hapa kuna wenyewe, ikajipa hiyo hiyo.

Aliyewahi kununua kiwanja Dar es Salaam hahitaji maelezo zaidi. Nilikuwa na wenyeviti wawili wa mtaa mmoja, kila mmoja na muhuri wake, wanauza viwanja kutoka ramani moja. Simu ya mke wangu ilikwenda kwa mwenyekiti wa sebuleni ikapewa kiwanja namba 100, na hati. Televisheni ikaenda kwa mwenyekiti wa uani ikapewa kiwanja namba 100, na hati. Wote wawili wana haki, wote wamegongewa muhuri, na wote wakaanza kumwaga mchanga. Mbaya zaidi, kila aliyeuliza barabara ya kutokea mjini iko wapi aliambiwa apite kwa mwenyekiti 192.168.1.1, wakiitikia wawili, mmoja ana barabara, mwingine nyuma yake kuna ukuta. Nani anatangulia kuitikia ni bahati. Na viwanja vyenyewe havikuwa vya kugombania: mtandao wa kawaida wa nyumbani una nafasi 254, na sisi hata tukihesabu simu za wageni hatuzifikii. Lakini mchanganyiko wa namna hiyo hauletwi na uhaba wa ardhi, huletwa na mihuri miwili.

Mpwa alitafakari, akaamua kwamba dawa ni kuzirudisha ruta zote mbili zilivyotoka kiwandani, "ili zianze sawa, mjomba". Nyuma ya ruta kuna kitundu kidogo cha kubonyeza. Akaomba pini ya ushungi ya mke wangu, akabonyeza ya uani. Sawa. Kisha, nikiwa nimeinuka kwenda kujibu hodi mlangoni, akabonyeza na ya sebuleni.

Ya sebuleni ndiyo ya wenye faiba. Ndani yake walikuwa wameweka jina na nywila ya akaunti yangu, vitu ambavyo mimi sikuwahi kupewa, na ambavyo sasa vilikuwa vimefutika kwa pini ya ushungi. Hapo tena haikuwa mtandao wa kusuasua. Ilikuwa hakuna mtandao.

Nikapiga simu huduma kwa wateja. Kuna muziki pale, nadhani mnaujua, unaanza upya kila unapokaribia kuuzoea, na katikati yake sauti ya mwanamke inakuhakikishia kwamba simu yako ni muhimu. Alipopatikana mtu, aliniuliza kama nimejaribu kuizima na kuiwasha. Nikamwambia ndugu yangu, imezimwa mpaka kumbukumbu. Akataka namba ya kifaa iliyoandikwa chini ya ruta. Waliochapa namba ile hawakukusudia isomwe na binadamu. Akaitwa mwanangu wa darasa la pili mwenye macho mazuri, akawa anasoma, mimi narudia, yule wa simu anaandika, na kila tulipofika katikati tukabishana kama ni B au ni 8. Ilikuwa 8. Mwanangu alikuwa amesema 8 tangu mwanzo, aliyesema B ni mpwa.

Ya sebuleni ikafufuka. Kesho yake nikaita fundi, na fundi akaja binti. Ovaroli, mkoba mgongoni, shikamoo baba, shikamoo mama, ngazi iko wapi. Jambo la kwanza alilofanya ni kupiga hodi uani, kuamkia, na kuingia moja kwa moja chumbani kwa mama mkwe na simu yake mkononi. Nilibaki koridoni nikimwonea wivu. Alitoka huko anajua chumba kizima, na kashata pia amepata.

Jambo la pili, aliuchuna waya wa mpwa kwa kisu, akanionyesha. Nje rangi ya shaba, ndani nyeupe. "Hii ni aluminiamu, baba, imepakwa shaba juu. Ukiikunja inakatika ndani kwa ndani." Kumbe ziko nyingi sokoni, na boksi limeandikwa vizuri tu. Akatoa waya wake, wa shaba kweli, akaupitisha darini kutoka mbele mpaka nyuma, juu ya zile kuta zangu mbili. Waya wa aina hiyo unaruhusiwa kwenda mpaka mita 100, akasema. Nyumba yangu, pamoja na nyongeza zake zote, haifiki hata nusu. Kisha akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa kufunga vichwa vya waya. Kuna nyuzi nane mle, na mpangilio wake anausema kwa sauti ya chini anapopanga: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Anakata, anasukuma, anabana kwa koleo. Kaa. Upande wa pili hivyo hivyo. Nilimwonea raha. Watu wanaofanya kazi yao bila kuhubiri ni wachache.

Halafu akafanya lile ambalo lilipaswa kufanywa kabla ya yote. Akaichukua ruta mpya peke yake, haijaunganishwa na chochote isipokuwa kompyuta yake, akaingia kwenye mipangilio. Akaipa namba 192.168.1.2, kwa hiyo ukubwa ukabaki sebuleni. Akazima DHCP, kwa hiyo muhuri ukabaki mmoja. Jina la waifai na nywila akaviweka sawa na vya mbele. Ya mbele akaipa chaneli 1, ya uani chaneli 11, kwa kuwa katika gigahezi 2.4 ni 1, 6 na 11 tu ambazo haziingiliani. Mwisho akachomeka waya, lakini siyo kwenye lile tundu la rangi tofauti lililoandikwa WAN. Aliuchomeka kwenye moja ya yale manne yanayofanana, ya LAN.

Mpwa, ambaye alikuwa amekuja kushuhudia akiwa amebeba soda yangu, akauliza kwa nini asitumie lile la WAN, maana limewekwa rangi ili litumike. Fundi hakugeuka. Alisema ukitumia lile, ruta ya pili inajenga nyumba nyingine ndani ya nyumba: printa iliyoko mbele haionekani na kompyuta iliyoko nyuma, na kama pande zote mbili zinatumia 192.168.1, ruta yenyewe haitajua ndani ni wapi na nje ni wapi. Baada ya hapo akakata kipande cha gundi nyeusi ya umeme, akaliziba lile tundu. Akamwangalia mpwa wakati anabandika.

Jioni ile mjukuu wa Uingereza alionekana wazi, anasogea, ana meno mawili mapya. Mama mkwe akamwita binti fundi aliyekuwa anafunga mkoba, akamwombea dua ndefu. Mimi niliyelipa niliambiwa, kupitia kwa mtoto, kwamba sasa mtandao wenu umepona.

Sisemi hakuna dosari. Mke wangu akitoka sebuleni kwenda uani huku anaongea kwenye simu, simu inaing'ang'ania ruta ya mbele hadi kijiti cha mwisho, wakati ya nyuma iko juu ya kichwa chake. Nilidhani fundi amesahau kitu. Hakusahau, anayechagua ruta ya kushika ni simu yenyewe, na simu ina ukaidi wake. Na umeme ukikatika, ya mbele ina betri yake ndogo, ya nyuma haina, kwa hiyo uani kunarudi enzi za redio.

Lakini hilo lingine sikulitarajia. Nyuma ya banda, ng'ambo ya ukuta, kuna mwarobaini, na chini ya mwarobaini kuna kijiwe cha bodaboda. Zamani vijana wale walikuwa na kelele: mpira, siasa, matusi kidogo. Wiki iliyofuata pakawa na utulivu wa ajabu. Nikazunguka kwenda kuangalia. Wote wameegemea ukuta wangu, vichwa chini, vidole vinatembea, na mmoja anatazama marudio ya mechi kwa picha safi kuliko ninayoipata mimi.

Nikafanya uchunguzi nyumbani. Watoto walikana. Mpwa alikana, na kwa mara ya kwanza nilimwamini. Ikaja kujulikana kwamba yupo kijana mmoja wa pale kijiweni anayemletea mama mkwe dawa zake kutoka famasia na vitumbua asubuhi, na hataki nauli. Kumbe nauli hulipwa kwa njia nyingine.

Mimi huyo nikabadilisha nywila usiku, kimya kimya, kwenye ruta zote mbili. Asubuhi televisheni haishiki, printa haishiki, simu ya mke wangu haishiki, nikazunguka nyumba nzima kuingiza nywila mpya kwenye kila kifaa, isipokuwa vya uani, ambako siingii. Saa nne mwanangu akatokea koridoni.

"Baba, bibi anasema mtandao wenu umekufa tena. Halafu anasema yule kaka wa dawa yuko dirishani, anauliza paswedi mpya ni ipi."

Nikachukua karatasi, nikaiandika kwa herufi kubwa, nikaipigia mstari ile 8 ili asije akaisoma B.